Kutengeneza Bafu Upya kwa Mikono Yetu: Anza na Sakafu na Maji



Mara hii tunataka kuzungumza juu ya bafu. Wengine watacheka na kusema, "Bafu ni kitu gani? Si ni mahali pa kujimwagia maji tu?" Ndivyo na sisi tulivyofikiri, mpaka tulipopata funzo ambalo hatutalisahau.

Kikundi chetu kilikuwa na desturi ya kumtengenezea kila mwanachama kitu kimoja nyumbani kwake, kwa zamu. Zamu ya nyanya mmoja ilipofika, alisema anataka bafu, kwa sababu lile lake lilikuwa la magunia na chini kulikuwa na matope tu. Tulifurahi. Tulichanga, tukanunua simiti, tukajenga kuta nzuri za matofali. Sakafu tuliipiga niru mpaka ikang'aa. Siku ya kulifungua tuliomba, tukaimba, tukanywa chai. Kila mtu alisifu.

Wiki ya tatu nyanya aliteleza. Sakafu ile inayong'aa ilikuwa na sabuni juu yake, na maji yalikuwa yamesimama pembeni kwa sababu hatukuweka mteremko. Hapakuwa na mahali pa kushika. Mlango ulikuwa wa kufunguka kwa ndani, naye alikuwa ameangukia hapo hapo mlangoni, kwa hivyo wajukuu walisukuma wasiweze kuufungua. Ilibidi wautoe mlango kwa sururu. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Tulipoenda kumwona hospitalini hakutugombeza. Alisema tu, "Watoto wangu, mlinijengea kioo, na mimi niliomba sakafu."

Makala hii inatokana na neno hilo. Ikiwa kikundi chenu kinataka kutengeneza mabafu ya wanachama, au wewe mwenyewe unataka kurekebisha lako, kumbukeni jambo moja: bafu halipimwi kwa kuta zake. Bafu hupimwa kwa maswali mawili. La kwanza, maji yanaenda wapi? La pili, je, aliye dhaifu kuliko wote nyumbani anaweza kuingia, kuoga na kutoka salama? Kuta zinaweza kungoja. Zinaweza kuwa za mabati ya zamani au hata za makuti. Lakini sakafu na njia ya maji haziwezi kungoja.

HATUA YA KWANZA: KETINI MPANGE

Msianze na jembe, anzeni na mazungumzo. Ulizeni watu wote wa boma hilo, siyo baba peke yake. Mama atasema anaoga usiku na anaogopa giza. Msichana atasema anataka mahali pa faragha pa kufulia vitambaa vyake, na pa kutundika nguo zisilowe. Mzee atasema hawezi kuinama. Mwenye mtoto mlemavu atasema anahitaji nafasi ya kuingia wawili. Haya yote hayagharimu pesa nyingi yakisemwa mapema, lakini yakisemwa baada ya zege kukauka, ni hasara.

Kisha angalieni bafu lililopo na kuandika: Ni nini kizima ambacho tutabakiza? Maji yanatuama wapi? Nguzo zimeoza chini? Paa linavuja? Kutengeneza upya si lazima kubomoa yote. Ukuta ulio imara uacheni.

Pimeni nafasi. Kwa mtu mzima anayeoga kwa karai, futi 4 kwa futi 5 kwa ndani zinatosha. Ikiwa kuna mtu wa kusaidiwa, fanyeni futi 5 kwa futi 6. Mlango usiwe chini ya futi mbili na nusu kwa upana. Wa kiti cha magurudumu uwe karibu futi tatu. Na ufunguke kwa nje, tafadhali. Mtu akianguka ndani, ndipo mtaweza kumfikia.

Jambo jingine la kupanga: watu wataoga wapi kazi ikiendelea? Wengi husahau hili. Simiti ikiwa bado mbichi watu huanza kuoga juu yake, na kazi yote huharibika. Wekeni magunia mahali pengine kwa muda wa mwezi mmoja.

HATUA YA PILI: HESABU GHARAMA

Yesu alitaja mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu kama ana vya kutosha kuumaliza. Vijijini kwetu minara isiyomalizika ni mingi.

Huu hapa mfano wa bafu la futi 4 kwa futi 5 ambalo kuta zake ziko tayari, na kazi ni sakafu mpya, lipu ya ndani na njia ya maji:

- Simiti: mifuko 5 ya kilo 50. Miwili ni ya zege la chini, mmoja wa tabaka la juu la sakafu, mmoja wa lipu na ukingo wa chini ya ukuta, na mmoja wa kisanduku cha maji na mteremko wa mlangoni.
- Mchanga safi: madebe 25 hivi.
- Kokoto: madebe 16.
- Mawe ya kujaza chini ya sakafu na kwenye shimo la maji: okoteni shambani.
- Bomba la plastiki la inchi 3: la kutoka bafuni hadi shimoni. Pimeni kwa kamba kabla ya kwenda dukani.
- Bomba la chuma la inchi moja, au mti laini wa mviringo: futi 6, la kushikilia.
- Bawaba, komeo, misumari, na kichujio cha tundu la maji.

Ulizeni bei katika maduka mawili au matatu, siyo moja. Mweka hazina aandike kila shilingi na kuweka risiti. Hesabuni pia vile visivyonunuliwa: nani atachota maji? Zege, lipu na kunyunyizia sakafu hula madebe mengi ya maji, na mara nyingi mzigo huo huwaangukia akina mama bila mtu kuuandika popote. Uandikwe kama mchango, sawa na pesa.

Ongezeni kidogo juu ya jumla, kama shilingi kumi kwa kila mia, kwa yale msiyoyaona. Pesa zikipungua, punguzeni urembo, msipunguze simiti.

HATUA YA TATU: MAJI YAENDE WAPI?

Familia ya watu wanane, kila mmoja akioga kwa lita 15, humwaga lita 120 kwa siku. Hayo ni madebe sita kila siku, mwaka mzima. Yakiachwa nyuma ya bafu, yatafanya dimbwi. Mbu wa Culex, yaani wale wanaopenda maji machafu, watazaa humo, na huko pwani ndio pia wanaoeneza matende. Maji hayo pia yataingia chini ya msingi na kuulegeza.

Wengine huyaelekeza kwenye choo cha shimo. Msifanye hivyo. Choo hujaa upesi, hunuka, na kuta za shimo zinaweza kuporomoka.

Njia rahisi ni shimo la kunyonya maji. Lakini kwanza jaribuni udongo. Pale mnapotaka shimo, chimbeni kishimo cha futi moja kila upande. Mwageni debe moja la maji, yaache yanywewe. Asubuhi inayofuata mwageni debe jingine. Yatasimama kama inchi nane. Yakiisha kabla ya jioni, udongo ni mzuri. Yakilala mpaka kesho yake, udongo huo haunywi, na shimo litafurika.

Udongo mweusi wa pamba, kama ule wa Mwea, nyanda za Kano na Athi River, una tabia hiyo. Tena huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Kwenu ninyi wa udongo huo ni afadhali kuyapeleka maji kwa mfereji hadi kwenye migomba, nduma au nyasi za ng'ombe, mkibadilisha mashina kila siku chache ili pasiwe na dimbwi. Msiyapeleke kwenye mboga zinazoliwa mbichi. Na aliyetumia dawa kali ya kuondoa madoa asimwage maji hayo kwenye mimea.

Kama udongo unakubali, chimbeni shimo la futi 3 kwa futi 3, na kina futi 4. Familia ikiwa kubwa, chimbeni mawili. Liwe angalau futi 16, yaani mita 5, kutoka kwa nyumba, na angalau mita 30 kutoka kisimani au kwenye chemchemi, tena upande wa chini wa kisima, siyo wa juu. Mkichimba mkakuta maji, hapo hapafai. Jazeni mawe makubwa chini, madogo juu. Bomba liingie juu ya mawe. Funikeni kwa karatasi ngumu ya plastiki, kisha udongo.

Katikati ya bafu na shimo jengeni kisanduku cha matofali cha futi moja kila upande, chenye kifuniko. Sehemu yake ya chini iwe ndani zaidi kuliko bomba la kutoka, ili mchanga na nywele zibaki humo. Kisanduku hiki ndicho kinacholinda shimo lisizibe. Tusipokijenga tutachimba shimo jingine baada ya muda mfupi.

HATUA YA NNE: SAKAFU

Sasa ndiyo kazi yenyewe. Ondoeni matope na udongo laini mpaka mfike kwenye udongo mgumu. Penye udongo wa pamba ondoeni kadiri mnavyoweza, jazeni changarawe nyekundu ya maramu na kuishindilia. Pangeni mawe unene wa inchi 6, jazeni mianya kwa changarawe, shindilieni sana. Sakafu nyingi hupasuka kwa sababu ya uvivu wa kushindilia. Hesabuni vimo ili sakafu ikiisha iwe juu ya ardhi ya nje kwa inchi nne hivi, mvua isiingie. Mlangoni fanyeni mteremko mdogo badala ya ngazi.

Lazeni bomba kabla ya zege, na kama mnaweka nguzo ya kushikilia, isimamisheni sasa. Wengi hukumbuka baadaye na kuanza kutoboa.

Zege ni kipimo kimoja cha simiti, viwili vya mchanga, vinne vya kokoto. Pimeni kwa chombo kile kile, siyo kwa macho. Mfuko wa kilo 50 ni kama debe moja na robo tatu. Changanyeni vikavu kwanza mpaka rangi iwe moja, ndipo mtie maji kidogo kidogo. Fundi wa haraka hupenda zege la uji kwa sababu linamwagika vizuri. Likikauka halina nguvu. Mwageni unene wa inchi 4.

Mchanga uwe safi. Tieni mchanga nusu chupa, jazeni maji, tikiseni, acheni utulie. Tope likikaa juu kama tabaka nene, oshaneni na mchanga huo kabla ya kuutumia, au mtafute mwingine. Mchanga wa baharini wenye chumvi msiutumie. Simiti yenye mabonge magumu imeharibika; msikubali kuuziwa. Na kumbukeni simiti mbichi huunguza ngozi: vaeni viatu na glavu, na anayerukiwa machoni aoshe mara moja kwa maji mengi.

Zege likishika, lifunikeni kwa magunia na kulimwagilia asubuhi na jioni kwa siku saba. Simiti haipati nguvu kwa jua, inaipata kwa unyevu. Iliyokauka upesi ni ya kuvunjika.

Baada ya wiki wekeni tabaka la juu: simiti moja kwa mchanga tatu, unene wa inchi moja na nusu. Hapa ndipo mteremko unapotengenezwa. Sakafu ishuke inchi moja kwa kila futi nne kuelekea tundu la maji. Kwa bafu la futi tano ni inchi moja na robo kutoka ukuta wa mbali. Tumieni pima maji na ubao ulionyooka, msikadirie. Kabla haijashika mwageni kikombe cha maji taratibu pembeni, muone yanaenda wapi. Yakikwama, sahihisheni sasa hivi. Kesho itakuwa ni tindo na nyundo.

Na mwisho wa kazi, msipige niru. Laini kwa mwiko, halafu pitisheni ufagio kwa upole kuelekea tundu la maji, ili iwe na mikwaruzo. Mguu utashika. Hii ndiyo sakafu aliyoiomba nyanya.

Je, kama mnayo tayari sakafu inayoteleza? Hakuna haja ya kuing'oa yote kama haijapasuka. Ichokoeni kwa tindo mpaka iwe na vidonda kila mahali, fagieni vumbi, lowesheni, pakeni uji wa simiti, na juu yake wekeni tabaka jipya lenye mteremko kabla uji haujakauka.

HATUA YA TANO: KUTA, PA KUSHIKA NA MWANGA

Pigeni lipu ya ndani hadi futi 4 kwenda juu, simiti moja kwa mchanga nne. Pale sakafu inapokutana na ukuta fanyeni ukingo wa mviringo, maji yasipenye. Kwa kuta za mabati, jengeni ukingo wa mawe kama futi moja kwa ndani, mabati yasioze.

Pa kushika pawe kwenye kimo cha nyonga ya mtu, na pafungwe kwenye ukuta wa mawe au nguzo iliyochimbiwa, siyo kwenye mabati. Mtu mzito aning'inie hapo kabla ya kazi kupokelewa. Kwa wazee ongezeni kibao au benchi la simiti la kimo cha inchi 18.

Wekeni misumari ya nguo juu, kirafu cha sabuni, na komeo la ndani. Acheni nafasi ya hewa chini ya paa. Taa ndogo ya sola inatosha kwa usiku. Mwenye stima anayetaka maji ya moto ya umeme asijaribu mwenyewe; maji na stima si marafiki. Amwite fundi wa umeme mwenye leseni.

RATIBA YA JUMAMOSI NNE

Jumamosi ya kwanza: kuchimba shimo na kisanduku, kuokota mawe. (Majaribio ya udongo yawe yamefanywa kabla.)

Jumamosi ya pili: kuondoa sakafu ya zamani, kushindilia mawe, kulaza bomba, kumwaga zege. Wiki nzima ni kumwagilia.

Jumamosi ya tatu: tabaka la juu lenye mteremko, ukingo na lipu. Tena siku saba za kumwagilia. Mtu asioge humo.

Jumamosi ya nne: mlango, pa kushika, misumari, taa. Mwageni ndoo nzima ya maji mtazame pamoja. Yakiisha yote bila kuacha dimbwi, kazi imekwisha.

Mkimtumia fundi, mkubaliane kwa maandishi. Lipeni kidogo kidogo kadiri kazi inavyokwenda, na fungu la mwisho baada ya ndoo hiyo ya maji, siyo kabla.

Baada ya hapo, bafu linataka utunzaji mdogo tu: kusugua sakafu kwa brashi kila wiki, maana sabuni na ukungu huteleza, na kutoa uchafu wa kisandukuni kila mwezi.

NENO LA MWISHO

Sisi tulirudi kwa nyanya yule. Tulichokoa kioo chetu kwa tindo, tukaweka mteremko, tukaugeuza mlango ufunguke nje, tukafunga bomba la kushika. Ilichukua mifuko miwili tu ya simiti. Ile mifuko miwili ingewekwa vizuri mara ya kwanza, leo nyanya angekuwa akitembea bila fimbo. Hilo hatuwezi kulirekebisha. Lakini sasa anaoga peke yake, bila kumwita mjukuu, na anasema hilo ndilo lililomrudishia heshima yake.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Katika maboma yetu, ni nani anayeogopa kuoga, na anaogopa nini?
2. Maji ya kuoga ya kila mwanachama yanaenda wapi? Twendeni tukaangalie, tusikisie.
3. Tulipojenga kitu mara ya mwisho, tulimwuliza atakayekitumia, au tulimjengea tunachokipenda sisi?